Bora Tufungwe Wenyewe

Mechi nane, tumeshinda tatu, tumefungwa tano. Na moja kati ya hizo tano tulifungwa tukiwa bado getini tunasubiri basi. Huo ndio msimu wa klabu yetu ya kriketi kama ulivyobandikwa kwenye ubao wa matangazo pale kafteria. Ukiusoma harakaharaka utasema si haba, kwa watu ambao mwezi Novemba nusu yao walikuwa wanashika bati kama mwiko wa ugali. (Bati la kriketi, si la kuezekea. Mzaha huo tumeshausikia wote, tuendelee.)

Tatizo ni kwamba ubao ule hausemi yote. Kati ya mechi tatu tulizoshinda, mbili hatukushinda sisi. Tulishindiwa na mamluki.

Mkutano mkuu wa klabu unakuja, na ajenda ya tatu ni pendekezo kwamba msimu ujao timu itumie "wachezaji wa kuongeza nguvu" kutoka mjini, wasiozidi wanne kwa kila mechi. Jina limevalishwa koti na tai, lakini ukilivua unamkuta mamluki yuleyule. Mimi nitapiga kura ya hapana, na naandika haya kwa sababu kwenye grupu letu la WhatsApp nilipojaribu kueleza nilijibiwa kwa stika mbili na picha ya kombe.

Nianze na wenzangu wanaotaka mamluki, maana wana hoja na si watu wabaya. Mwanzoni mwa mwaka wizara ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi ilitoa waraka: klabu isiyoleta kombe, au angalau kufika nusu fainali, kwa misimu miwili mfululizo itapunguziwa fungu. Soka haina wasiwasi, netiboli nayo hivyohivyo, basketi wana watu. Sisi tuna mkeka mmoja, pedi jozi tatu, kofia ngumu mbili ambazo moja haifungi kidevuni, na kile kikinga kingine cha sehemu ambayo jarida hili halitaitaja, kinachoshirikiwa na timu nzima. Fungu likipunguzwa hata robo, mipira ya ngozi haitanunulika, na kriketi bila mpira wa ngozi ni rede. Kwa hiyo wenzangu walipiga hesabu: tukileta watu wanne wanaocheza ligi ya mjini tutashinda, tukishinda fungu linabaki, fungu likibaki hata fasti yia anafaidika. Ni hesabu inayoeleweka. Kasoro yake ni kwamba imekosea mahali pamoja, na mahali penyewe ni kwa huyo fasti yia.

Kwa ambaye hajawahi kukanyaga upande ule wa uwanja, nieleze kidogo, bila hivyo sitaeleweka. Kriketi tunayocheza ni ya ova 20. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo kila timu inapata mipira 120 ya kupiga, au inapiga mpaka wachezaji kumi kati ya kumi na mmoja watolewe. Wanaingia wawiliwawili, wengine wanakaa kivulini wamevaa pedi wanasubiri. Mrushaji mmoja haruhusiwi kurusha zaidi ya ova nne, hivyo unahitaji warushaji watano au zaidi. Mechi nzima ni kama saa tatu hivi. Na hapa ndipo kriketi inapotofautiana na soka: kwenye soka hata mchezaji mbovu kuliko wote, mpira utamfikia, atakosea pasi, atazomewa, atajifunza. Kwenye kriketi unaweza kuwa ndani ya timu, jina lako likasomwa, ukavaa nguo nyeupe ulizoazima, ukakaa saa tatu nzima, usipige mpira hata mmoja wala kurusha hata mmoja. Kama wapigaji wawili wa kwanza ni wazuri sana wanakula mipira yote. Kama warushaji watatu ni wazuri sana wanakula ova kumi na mbili. Wewe unasimama kule kwenye nyasi ndefu karibu na barabara, unahesabu bodaboda.

Shikilia hilo, tuingie kwenye msimu.

Mechi ya kwanza tulitolewa wote kwa mikimbio 47. Kati ya hiyo 47, mikimbio 19 ilitokana na waidi, yaani mipira ambayo wapinzani waliirusha nje kabisa tukapewa bure. Mfungaji wetu bora siku hiyo alikuwa timu pinzani. Tukarusha sisi, nasi tukawalipa fadhila: mrushaji wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, anasoma Jiolojia, alirusha waidi saba kwenye ova moja. Ova ya mipira sita ikawa na mipira kumi na tatu. Mwamuzi alipomaliza kunyoosha mikono mara ya saba alimuuliza kijana kama anajisikia vizuri. Mkumbuke kijana huyu.

Mechi ya pili ndiyo ile ya getini. Basi tuliloahidiwa lilipewa klabu nyingine asubuhi ileile, na daladala haibebi mkeka. Kuhusu hili nisiseme sana, kila klabu hapa chuoni ina hadithi yake ya basi.

Mechi ya tatu ningeomba kila mwanafunzi angekuwepo. Tulikuwa tunafukuza mikimbio 103. Mpira wa mwisho ulipopigwa ubao ulionyesha 103 kwa 103, sare, watu wakaanza kukumbatiana. Tunaye mwandishi wa alama, dada wa mwaka wa pili anayesoma Takwimu, tunamwita Karani. Alijifunza kuandika alama sekondari, na kanuni za mchezo anazijua kuliko nahodha. Karani akainua mkono. Daftari lake lilisema 102. Katika ova ya kumi na nne wapigaji wetu walikimbia mara mbili, lakini mmoja aligeuka kabla bati lake halijavuka mstari. Mwamuzi alionyesha ishara kwamba mkimbio mmoja ni pungufu, mtu wa ubao hakuiona, Karani aliiona. Mwamuzi akathibitisha. Tukafungwa kwa mkimbio mmoja, tumefungwa na mtu wetu wenyewe. Kuna waliomnunia wiki nzima. Mimi nilitembea naye hadi hosteli na sikuwa na la kusema, maana alikuwa sahihi, na alijua yuko sahihi.

Wiki tatu baadaye klabu hiyohiyo ilikwenda mechi ya nne na mamluki wanne.

Mashindano tuliyojiandikisha yana kanuni kwamba mchezaji wa timu ya chuo awe mwanafunzi mwenye kitambulisho kisichopitwa na wakati. Kwa hiyo kwenye fomu yakaandikwa majina ya wenzetu wanne waliokuwa wamelala hosteli. Karani alipewa majina hayo ayanakili kwenye daftari. Hakugombana na mtu. Ukilifungua daftari leo, mechi ya nne na ya tano, kwenye safu ya majina utakuta imeandikwa M1, M2, M3, M4, kwa mwandiko ule wake mdogo uliosimama wima. Mechi hizo mbili nilikaa mezani kwake, nikimsaidia kuhesabu mipira.

Tulishinda, bila shaka. Mechi ya nne tulipata mikimbio 151 kwa kupoteza wiketi tatu, na M1 na M2 peke yao walikuwa na 118. Ukweli usemwe, ilikuwa raha kuwatazama. M2 ana namna ya kusubiri mpira, kama mtu anayesubiri chai ipoe, halafu anaugusa tu na unakwenda zake hadi mpakani. Wapinzani walitolewa kwa 90. Mechi ya tano hadithi ni hiyohiyo, namba tofauti kidogo. Kafteria ikatupongeza. Waziri wa michezo akaja kupiga picha.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa warushaji. Katika mechi ya nne, ova kumi na mbili kati ya zilizorushwa zilikuwa za M1, M3 na M4. Wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza waliokuwa kwenye kikosi hawakupiga wala hawakurusha. Mechi ya tano, hivyohivyo. Jumatano iliyofuata mazoezini walikuja watu tisa. Kabla ya hapo tulikuwa kumi na saba. Niliwauliza wawili niliowakuta kwenye foleni ya wali. Mmoja alisema ana asaimenti. Wa pili alisema kitu ambacho sijakisahau: "Kaka, mimi kutazama naweza kutazama hata kwenye simu."

Mechi ya sita ikagongana na ligi ya mjini. Ijumaa saa nne usiku ujumbe ukaingia: samahani wakuu, kesho hatupo. Hatuwezi kuwalaumu, wana timu zao, na timu zao ndizo zinazowajua kwa majina. Tulikwenda watu wanane. Wale wa mwaka wa kwanza, ambao mwezi mmoja kabla wangeziba nafasi hizo wakikimbia, wengine walikuwa wamezima simu. Sitaki kusimulia matokeo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, na naomba wapinzani wangu waijibu hii badala ya kunijibu kwamba mimi sipendi ushindi. Napenda ushindi. Nasema mamluki hakuongezi nguvu, anakukopesha, na riba yake ni wachezaji wako. Unashinda Jumamosi mbili, ya tatu huna timu. Na kwa kuwa chuo kinapoteza watu kila mwaka, yaani hata nyota wako halali anahitimu mwezi wa saba anaondoka, klabu ya chuo haina kitu kingine cha kuishi nacho isipokuwa huyo fasti yia anayeharibu mipira leo.

Watu wa historia wataniambia kriketi ya ukanda wetu imejaa mifano ya kila upande, na ni kweli. Tuangalie jirani. Kenya iliifunga West Indies kwenye Kombe la Dunia mwaka 1996 kule Pune. Iliwatoa wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 ikaifunga Sri Lanka jijini Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi tano, na ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ambako ilitolewa na India huko Durban. Nusu fainali! Mwaka 2011 ikafungwa mechi zote sita za Kombe la Dunia, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na migogoro ya uongozi na ya malipo. Lakini tazama jina moja: Steve Tikolo alicheza 1996, akacheza 1999, 2003, 2007, na mwaka 2011, akiwa amekaribia miaka arobaini, alikuwa bado yumo. Makombe ya Dunia matano. Namheshimu sana mzee yule. Ila nchi inapomhitaji mtu yuleyule kwa miaka kumi na mitano, swali si yeye ni mzuri kiasi gani, swali ni nani alikuwa anapewa ova za kujifunzia nyuma yake. Wale hawakuwa mamluki, walikuwa Wakenya halisi, na bado jambo likatokea. Sisi tunataka kulifanya kwa makusudi tena kwa watu wa kuazima.

Uganda nayo ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Ilitolewa na West Indies kwa mikimbio 39, aibu iliyosambaa kila simu, lakini siku chache kabla ya hapo ilikuwa imeifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Mtu mbishi atanikatiza hapa: Uganda si ilikuwa na wachezaji waliozaliwa Pakistan na India? Ilikuwa nao, na bila wao isingefika. Lakini walikuwa wakazi waliotimiza miaka inayotakiwa na kanuni, wanafanya mazoezi na wenzao wiki kwa wiki, si watu wa kuitwa Ijumaa usiku. Na pembeni yao walikuwepo akina Nsubuga, Roger Mukasa, Simon Ssesazi na Henry Ssenyondo, matunda ya nchi ambayo shule zake zina wiki nzima ya mashindano ya kriketi. Mgeni anayekaa mezani kula na watoto ni jambo moja. Mgeni anayekula sahani ya mtoto ni jambo lingine.

Hapa nyumbani ndiyo kabisa hatuna kisingizio. Ile kauli ya "kriketi ni mchezo wa Wahindi", ambayo hadi leo nikipita na bati naipata bure njia nzima, ilikuwa na chembe ya ukweli mwaka 1975, timu ya Afrika Mashariki ilipokwenda Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, wengi wa wachezaji wake wakiwa wenye asili ya Asia, na ikafungwa mechi zote tatu. Leo soma orodha ya timu ya taifa: Abhik Patwa, Ivan Selemani, Kassim Nassoro, Yalinde Nkanya. Soma ya wanawake, utamkuta Fatuma Kibasu, aliyewahi kuvuka mikimbio mia moja katika mechi moja ya kimataifa, na timu iliyochukua kombe la Kwibuka nchini Rwanda mwaka 2022. Halafu mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakafuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza. Chini ya miaka 19, ndugu msomaji! Huo ni umri wa fasti yia. Vijana wanaoujua mchezo huu kutoka shule za sekondari wanaingia vyuoni kila Oktoba na Novemba wakiwa na begi moja na godoro. Wakija kwetu tukawapeleka kusimama karibu na barabara, tutakuwa tumefanya kazi kubwa ya kubomoa kitu ambacho hatukukijenga sisi.

Nirudi kwenye msimu, nimeruka mechi ya saba.

Mechi ya saba tulikwenda wanafunzi watupu, kumi na mmoja kamili, baada ya Karani na mimi kuzunguka hosteli mlango kwa mlango siku ya Alhamisi. Wawili walitoka ibada ya kwanza ya Jumamosi wakaja na viatu vya kanisani. Tulitolewa kwa mikimbio 88, hesabu ya kawaida kwetu. Wapinzani wakaanza vizuri, kisha wakaanza kukimbizana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akaachwa katikati ya njia kama abiria wa Mbagala. Kufika ova ya mwisho walikuwa 80 kwa wiketi tisa. Wanahitaji mikimbio tisa, sisi tunahitaji wiketi moja. Warushaji wetu wazoefu walikuwa wamemaliza ova zao nne. Nahodha akaangalia huku na huku, akampa mpira yule kijana wa Jiolojia.

Kimya kilichoingia unakijua kama umewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani. Mpira wa kwanza, hakuna. Wa pili, mkimbio mmoja. Wa tatu, hakuna. Wa nne ulidunda kwenye mkeka, ukaingia ndani kidogo, ukapita kati ya bati na pedi, vijiti vikalala. Waidi, sifuri. Tulishinda kwa mikimbio saba.

Nani alimfundisha kushika mpira hivyo, vidole viwili kukanyaga mshono na kidole gumba chini? M3. Ndiyo, yule mamluki. Ni fundi wa friji mjini, na baada ya mechi ya tano alikuja Jumatano mbili mfululizo, akasimama na kijana huyu kwenye neti mpaka giza likaingia, akalipwa nauli na chipsi mayai. Nadhani mnaona ninakoelekea. Sina ugomvi na M3, ningependa aje kila Jumatano mwaka mzima. Tumlipe nauli ya heshima, tumwite kocha, tumwandike jina lake halisi. Jumamosi akae kivulini anywe soda, na ova zake nne wapewe watoto.

Mechi ya nane tulifungwa vibaya na timu ya mjini iliyotuzidi kila kitu, hadi vyakula vya mapumziko. Kijana wa Jiolojia alirudia waidi zake, nne safari hii. Hakuna muujiza. Ila Jumatano iliyofuata mazoezini tulikuwa kumi na wanne, na msimu ulikuwa umeshaisha.

Waliopendekeza ajenda ya tatu wameshaniwekea jibu moja gumu: msimu ujao hakutakuwa na uongo kwenye fomu, tutahamia kundi la wazi ambako kanuni inaruhusu mtu yeyote. Sawa, hapo suala la vitambulisho limekwisha, na nafurahi, kwa sababu Karani hatalazimika tena kuandika herufi badala ya majina. Lakini nafasi ni zilezile kumi na moja na mipira ni ileile 120. Kanuni ya kundi la wazi haiongezi ova ya ishirini na moja kwa ajili ya mwanafunzi. Na fungu tunalolipigania, jamani, linatoka kwenye ada ya umoja ambayo kila mmoja wetu anakatwa, bumu lake likiwa limeingia au halijaingia. Itakuwa ajabu fasti yia alipe ili M1 apige.

Kwa hiyo tatizo kubwa kwangu si klabu, ni ule waraka wa wizara. Ukisema utalipa makombe utaletewa makombe, na hutaulizwa yametoka wapi. Sisi si wa kwanza kuazima watu hapa chuoni na kila mtu analijua hilo, tusiangaliane. Ningeomba waziri, badala ya kuangalia kabati la vikombe, aombe daftari la alama. Kila klabu ina la kwake la namna fulani. Aulize wanafunzi wangapi wamecheza kweli, si kuvaa jezi. Kwetu jibu linapatikana kwa dakika kumi: msimu huu wanafunzi 13 wamerusha angalau ova moja katika mashindano. Kwenye mechi za M, warushaji wanafunzi walikuwa watatu tu. Namba hiyo ya 13 ikishuka msimu ujao, tupunguzie fungu, sitalalamika. Ikipanda hadi 20 huku tumefungwa mechi zote nane, tununulie kofia ngumu ya tatu.

Na kama kuna senti ya kuchagua pa kuiweka, isiwekwe kwenye nauli za nyota wa siku moja. Mkeka wetu ni wa usumba, ukilowa unahitaji watu wanane kuukunja, na upande wa kaskazini umeanza kufumuka, mpira ukidunda pale unaruka kidevuni. Mtu anayejifunza akipigwa kidevuni mara ya kwanza harudi. Mkeka mzima utaleta wachezaji wengi kuliko kombe.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ya tatu ya muhula, saa nne asubuhi, kwenye banda la uwanjani. Kila aliyehudhuria mazoezi mara tatu ana haki ya kupiga kura, na wale wa mwaka wa kwanza mnaodhani hamhusiki, mnahusika kuliko sisi tunaoondoka. Daftari litakuwa mezani, mtu yeyote alifungue. Nafasi ya mwandishi wa alama nayo itakuwa wazi, kwa kuwa Karani anakwenda mafunzo kwa vitendo muhula huo. Amesema atamfundisha atakayetaka, Jumatano saa kumi jioni, aje na penseli mbili na kifutio.